Siku ya Nne ya Fungate

Tarehe 6 Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji, kwa wakulima wa Tanzania, si hiari tena bali ni amri. Siwema binti Feruzi alilisikia tangazo hilo kwenye redio ya jirani, kisha akarudi kwenye dagaa wake. Alikuwa mtu wa Ujiji, mjukuu wa watu waliovuka ziwa kutoka Manyema, na riziki yake ilikuwa Katonga, ambako alinunua dagaa wabichi alfajiri, akawaanika juu ya mchanga na kuwageuza kabla jua halijawakausha upande mmoja. Habari ya vijiji aliihesabu kuwa ya watu wa mashamba. Miezi tisa baadaye ikamfikia akiwa katika kazi yake nyingine, ile ambayo mjini aliheshimiwa kwayo kuliko dagaa, nayo ni usomo.

Somo ni mwanamke mtu mzima anayekabidhiwa mwari, akamfunza mambo ya nyumba, akamsindikiza hadi kwa mumewe na kukaa naye siku saba za fungate. Hadi mwaka huo Siwema alikuwa ameshawasimamia wari tisa, na hakuna hata mmoja aliyerudi kwa baba yake akilia.

Katika mitaa aliyoishi, harusi ilikuwa na watu wengi wenye kazi, na kila kazi ilikuwa na mwisho wake uliojulikana. Mshenga alipeleka na kuleta maneno baina ya nyumba mbili; mahari ilipopokelewa, alisema mbele ya watu kwamba ameutua mzigo, akakaa pembeni. Walii, yaani baba wa binti, alimaliza alipoushika mkono wa bwana harusi na kutamka kwamba amemwoza. Mashahidi wawili walisikia, wakatia sahihi, wakala pilau yao. Mpambe alimpamba mwari na kumfikisha kwenye kizingiti cha chumba. Somo peke yake ndiye aliyeanza pale wenzake walipomalizia.

Kwa siku hizo saba mwari hakutoka nje kwa miguu yake, hakuonekana uso na watu wa mumewe, wala hakusema nao. Alichokihitaji alimnong'oneza somo, na somo ndiye aliyekisema ukumbini. Siku ya saba somo alimwogesha, akampaka liwa ya kunukia, akamtoa nje na kumtaja mbele ya wakwe kwa jina lake na la baba yake. Tangu saa hiyo mwari alikuwa na sauti katika nyumba ile. Baada ya hapo somo alipeleka salamu kwa baba, na nyumba mbili zikaanza kutembeleana.

Mwari wa kumi aliitwa Mwanaima. Alikuwa na miaka kumi na minane, na mama yake alifariki kabla hajajua kufunga ushungi. Baba yake, Mzee Mwinshehe, fundi wa mitumbwi pale Ujiji, alimpeleka kwa Siwema mwenyewe na kusema maneno machache: "Huyu hana mama. Nakukabidhi." Siwema akampokea. Alimzoea kuliko wari wote waliotangulia, kwa sababu alikuwa mwoga, na mwoga huuliza kila kitu mara mbili.

Ndoa ilifungwa Ujiji siku ya Alhamisi, tarehe 22 Agosti 1974, baada ya sala ya alasiri, katika siku za mwanzo za Shaabani. Bwana harusi, Kasongo, alikuwa mkulima kijana mwenye michikichi na mihogo katika bonde moja nyuma ya Mwandiga, akiishi na mama yake mjane. Kwa kuwa nyumba ya Mwinshehe haikuwa na mwanamke wa kupokea wageni, ilikubaliwa kwamba fungate iwe kwa bwana harusi. Jioni hiyo mwari akapandishwa gari la kukodi, amefunikwa toka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, na Siwema ubavuni pake akimshika kiganja.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Mama yake Kasongo alikuwa mcheshi, na kila alipoleta chakula alisimama mlangoni kumchokoza somo.

"Bi Siwema, mmetuletea mkwe au mmetuletea furushi la kanga? Tangu Alhamisi sijaona hata kisigino."

"Kisigino utakiona Alhamisi ijayo, mama. Kwa leo pokea salamu. Mwari anasema sombe yako imemshinda kwa utamu."

"Anasema yeye, au unasema wewe uliyerudia sahani?"

"Tunasema sote. Mimi kwa kinywa, yeye kwa tumbo."

Wanawake wa jirani waliokuwa wakitwanga majani ya muhogo ya sombe uani wakacheka hadi michi ikasimama. Ndani, Mwanaima alicheka kwa kujiziba mdomo na upindo wa kanga.

Jumapili asubuhi, siku ya tatu, alikuja Gervasi. Huyu alikuwa balozi wa nyumba kumi za bonde lile, Muha wa makamo, mpole, mwenye baiskeli iliyofungwa kwa kamba kila mahali palipolegea. Aliiegemeza kwenye mchikichi, akaja hadi barazani bila kuvua kofia.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, balozi. Karibu ukae."

"Sikai. Nimeambiwa niwapitie wote. Lori linakuja Jumanne asubuhi. Bonde lote linahama."

Siwema alidhani hakusikia vizuri. "Jumanne hii? Kwenda wapi?"

"Kijiji kipya. Jina lake sijaambiwa."

"Balozi, humu ndani kuna mwari. Siku yake ya kutoka ni Alhamisi."

Hapo Gervasi akavua kofia. "Mama, kwenye nyumba zangu kumi nina wagonjwa wawili, na mwingine ana mimba ya miezi minane. Nimewasemea wote. Nimejibiwa kwamba lori halina masikio."

"Siku mbili tu, baba."

"Hata mimi nahama, mama. Mihogo yangu imo ardhini."

Akaondoka kwenda nyumba ya pili, akiikokota baiskeli.

Kasongo alipoambiwa, alikaa kwenye kinu na kutazama chini. Siwema alimuuliza afanyeje na mkewe. Kijana akajibu kwa heshima, lakini jibu lenyewe halikumsaidia yeyote.

"Mama, mimi siwezi kumtoa mke wangu kwenye mlango ambao sikumwingiza mimi. Mliomwingiza ni nyinyi. Nikimtoa kabla ya siku yake, Mzee Mwinshehe atasema nimemchukua kama mtoto asiye na wenyewe."

"Na tukimrudisha Ujiji kwa siku hizi mbili tatu, mpaka mtulie huko muendako?"

Mama yake Kasongo alidakia kabla mwanawe hajafungua kinywa. "Umrudishe siku ya tano? Bi Siwema, wewe ndiye somo. Mji mzima utasemaje?"

Siwema alijua mji ungesemaje. Mwari aliyeonekana kwa baba yake kabla ya siku ya saba alihesabiwa amekataliwa, na hapakuwa na maelezo ambayo yangesikilizwa, yawe ya lori au ya serikali. Kumpeleka na lori ilikuwa kumdhalilisha baba. Kumrudisha ilikuwa kumharibia binti jina. Palibaki njia moja tu yenye adabu, nayo ni kupata neno la walii mwenyewe. Akisema binti ahame, atahama kwa idhini, na siku zake saba zitaendelea popote atakapofikia. Lakini Kasongo hakuruhusiwa kukanyaga kwa mkwewe kabla ya siku ya saba, wala mama yake. Wa kwenda alikuwa Siwema peke yake, na somo hamwachi mwari.

Alihesabu siku kwa vidole, kisha akazihesabu tena. Akiondoka Jumatatu alfajiri, adhuhuri angekuwa amerudi. Jumanne ilikuwa bado mbali. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa la mtu anayetaka jambo lifuate utaratibu wake hadi mwisho.

Alfajiri ya Jumatatu Mwanaima alikuwa amekaa kitandani, kanga mbili kichwani, akimtazama Siwema anavyofunga viatu.

"Somo, kwani lazima uende wewe?"

"Hakuna mwingine, mwanangu."

"Nikiulizwa kitu?"

"Nani atakuuliza? Mkweo anajua. Wewe jifunike, unyamaze. Nisije nikarudi nikakuta umeshaanza kusalimia wageni."

Binti akatabasamu. "Nitanyamaza."

Siwema alitembea hadi Mwandiga, akapata nafasi juu ya gari lililobeba madebe ya mawese, akafika Ujiji jua likiwa limeshapanda. Mzee Mwinshehe alikuwa pwani, akichonga ubavu wa mtumbwi kwa tezo. Alipomwona somo amesimama mbele yake siku ya nne ya fungate, tezo ikabaki hewani.

"Bi Siwema! Mtoto mgonjwa?"

"Mzima, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi umefuata nini huku?"

Akamweleza yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akapangusa jasho kwa kiganja, akakaa juu ya gogo. Ilionekana wazi kwamba angependa kusema neno moja tu, naye Siwema alilisubiri neno hilo kwa macho. Lakini Mwinshehe alikuwa mtu wa kushika mambo.

"Mimi nilishamwoza. Nikituma neno kwenye nyumba ya watu siku ya nne, wataona namdai binti. Neno la kwenda kule linapita kwa mshenga, Asumani."

"Mzee, Asumani yuko upande wa pili wa pwani. Mimi nipo hapa, na kesho lori linakuja."

"Ndivyo tulivyopanga, Bi Siwema. Na wewe ndiye uliyetukumbusha sote."

Hilo lilikuwa kweli. Siwema akashika njia ya upande wa pili wa pwani.

Asumani, mshenga wa harusi ile, alikuwa amekaa kwenye mchanga akishona nyavu, uzi umemzunguka dole gumba la mguu. Alikuwa mzee mtani, asiyeweza kumwacha mtu apite hivihivi.

"Lo! Somo mwenyewe! Wamekufukuza siku ya nne? Umewala mpaka wamechoka?"

"Asumani, leo sina utani." Akamweleza na yeye.

Mzee akaacha kushona. "Mimi ni ndoano tu, Bi Siwema. Samaki ameshaingia mtumbwini. Ndoano haiulizwi apikwe vipi. Mahari ilipopokelewa nilisema hadharani nimeutua mzigo. Nikiubeba tena bila kutumwa na walii, nitaitwa mmbea."

"Walii ndiye aliyenituma kwako."

"Amekutuma wewe. Mimi hajanituma."

Hata hivyo aliinuka. Alinawa, akaenda nyumbani kuvaa kanzu, kwa sababu haikufaa kumwendea walii na fulana ya kuvulia. Siwema alimsubiri nje ya mlango, akitazama kivuli cha nyumba kikifupika. Wazee wawili walipokutana, walisalimiana kwa urefu, wakalizungumza jambo toka mwanzo kana kwamba halijapata kusemwa. Adhana ya adhuhuri ikawakuta hapo. Wakaenda msikitini. Waliporudi, Mwinshehe akamtamkia Asumani, na Asumani akamtamkia Siwema, ingawa watatu wote walikuwa wamesimama hatua mbili tu baina yao.

"Ahame na mumewe. Asitembee kwa miguu hadi garini, abebwe. Afunikwe vizuri. Na somo asimwache."

Mwinshehe akatoa shuka jeupe jipya, lililokunjwa, akampa la kumfunikia binti. Siwema alilipokea kwa mikono miwili. Maneno ya mwisho yalimchoma, akatoka upesi.

Gari halikupatikana mapema. Alifika Mwandiga alasiri, akaingia njia ya bonde akitembea kwa haraka ambayo mwili wake wa miaka hamsini na kitu haukuizoea. Kabla hajaifikia nyumba alianza kuona vitu ambavyo havikuwapo asubuhi: alama za matairi juu ya matuta ya mihogo, chungu kilichovunjika, kuku mmoja asiye na mwenyewe. Nyumba ya Kasongo ilikuwa imesimama bila paa na bila mlango. Mwanga ulikuwa umejaa katika chumba cha mwari, kile chumba ambacho kwa siku tatu alikuwa akikifunga pazia.

Gervasi alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, juu ya godoro lililofungwa kamba. Familia yake ilikuwa ndani, ikifunga mizigo ya mwisho.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Si ulisema Jumanne!"

"Nilisema Jumanne. Nilivyoambiwa ndivyo nilivyosema. Leo asubuhi yakaja malori mawili. Wakasema kesho yana kazi kwingine, na sisi tuliobaki tutafuatwa."

Siwema alikaa chini, hapohapo kwenye vumbi, shuka jeupe mapajani. Gervasi akamweleza pole pole, kama mtu anayetoa taarifa ambayo angependa isiwe yake. Lori la kwanza lilichukua wanaume, nguzo, milango na majembe, ili watangulie kusimamisha mabanda. Kasongo alipandishwa humo. La pili lilichukua wanawake na vyombo. Pembeni ya lori alisimama karani, kijana mgeni asiyejulikana bondeni, mwenye daftari, akiuliza jina la kila anayepanda.

"Mkwe wake akataja lake. Kisha karani akamuuliza yule aliyefunikwa: wewe nani? Kimya. Akamuuliza tena. Kimya. Nikamwambia, ndugu, huyo ni bibi harusi. Akanigeukia mimi: jina lake? Mama, jina lake sikulijua. Sikuwa nimetajiwa."

"Mkwe wake analijua."

"Anajua. Alimjibu karani kwamba hajatajwa bado. Karani akadhani anafanyiwa mzaha. Akaandika kitu, akasema pandeni."

"Aliandika nini?"

"Sikuona."

"Walimbeba?"

"Alitembea, mama. Alikuwa haoni njia kwa ajili ya zile kanga. Mkwe wake alimshika mkono."

"Hakusema neno?"

"Hakusema."

Siwema akauliza lori limeelekea wapi. La kwanza, Gervasi alikuwa ameliona likishika njia ya Kasulu. La pili lilifunikwa na vumbi. Pale njia panda ya Mwandiga wauza ndizi walimwambia Siwema kwamba malori ya wanawake yalikuwa mengi siku hiyo. Mengine yalikata kwenda Kasulu, mengine yakapanda njia ya Manyovu. Hakuna aliyekuwa akiyahesabu. Siku mbili baadaye Gervasi naye alichukuliwa na watu wake, na bonde likabaki bila mtu wa kuulizwa.

Alhamisi, siku ambayo angemtoa Mwanaima nje, Siwema aliamka gizani, akafunga liwa na shuka katika kitambaa, akashika njia ya Kasulu. Alikifikia kijiji kimoja kipya, ambacho wakati huo kilikuwa mistari ya mabanda ya majani iliyopimwa kwa kamba, maji yakiwa bado mbali. Karani wa hapo alikuwa muungwana. Alimpa kigoda, akafungua daftari.

"Bibi, Kasongo ninao wanne. Wako anatoka wapi?"

Hakuna aliyetoka bonde lile.

"Mwanaima binti Mwinshehe je?"

"Huyo sina. Lakini nina wanawake wengi walioandikwa 'mke wa fulani' tu. Siku ile ilikuwa haraka."

Siwema aliomba ruhusa ya kupita mabandani. Alikwenda mstari hadi mstari, na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, akaanza kuita kwa sauti: "Mwanaima! Mwanaima binti Mwinshehe!" Jina hilo alipaswa kulitaja siku hiyohiyo, ukumbini, mbele ya wakwe waliokaa. Wanawake walichungulia kwenye matundu ya majani, wakamtazama kwa huruma. Mmoja alitoka na kumpa maji. Mwanaima hakuwamo.

Kabla ya mfungo alijaribu njia ya Manyovu, vijiji viwili. Baada ya Idi alirudi tena upande wa Kasulu. Kila mahali aliulizwa jina la kijiji anachokitafuta, na kila mahali alijibu kwamba hilo ndilo analolitafuta.

Mzee Mwinshehe hakumlaumu. Siwema alisema baadaye kwamba kama angelaumiwa, angejua pa kuiweka lawama. Kunyamaza kwa mzee kulimnyima hata hilo. Wazee wa mtaa walieleza kwa namna yao kwa nini binti hakuja mwenyewe kumsalimia baba yake: mwari ambaye somo hajapeleka salamu zake hawezi kurudi kwao, na mume wake hawezi kubisha hodi kwa mkwewe. Kwa maelezo hayo, huko waliko walikuwa wakimsubiri Siwema, naye Siwema alikuwa akiwatafuta. Wengine walisema Kasongo alikwenda kufanya kazi ya chumvi Uvinza. Wengine walisema alivuka ziwa na mkewe kwenda kwa wajomba zake Kongo. Asumani, kila aliposikia mojawapo ya habari hizo, aliacha nyavu zake na kwenda kuuliza. Hakuwahi kurudi na jambo la kushika.

Wazazi waliendelea kuleta mabinti zao kwa Siwema. Aliwapokea kwa heshima, akawapikia chai, na kuwaelekeza kwa wanawake wengine. Hakukubali usomo tena. Aliendelea na dagaa wa Katonga hadi miguu ilipomkatalia mchanga, na alifariki Ujiji mwaka 1991. Mwinshehe alikuwa amemtangulia kwa miaka sita.

Cheti cha ndoa ya Alhamisi ile kilibaki katika sanduku la Mwinshehe, na sahihi za mashahidi wote wawili zinasomeka. Lori la pili lilishika njia ipi, haijulikani. Karani aliandika nini badala ya jina la Mwanaima, haijulikani. Wala haijulikani kama aliishi, na kama aliishi, ni nani aliyemtoa nje.